Kigoma, Mwisho wa Reli: Kurudisha Bodi ya Pikipiki Kuukuu ya Safari

Ukivunja kava la pikipiki hapa Kigoma, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuling'oa na kuendelea na shughuli zako. Kwa bodaboda ushauri huo hauna ubaya. Kava zake mbili za ubavuni zinafunika betri na kichujio cha hewa. Zikipotea mtu anafunga mpira wa tyubu, anarudi kijiweni, na abiria hata haulizi. Pikipiki ya safari ndefu haiko hivyo. Bodi yake imebeba taa kubwa, kioo cha mbele, saidi mira na nyaya zote za mbele. Ndiyo inayoamua hewa ya moto ya rejeta itokee wapi, na mvua ikupige kifuani au ipite juu ya bega. Ukiing'oa, taa inaning'inia, soketi za umeme zinakaa wazi zikisubiri maji, na mwendo wa kutoka hapa hadi Tabora unakuwa adhabu.

Ninaandika haya kwa sababu naamini pikipiki kuukuu ya namna hii inastahili kurudishiwa bodi yake, hata kwa sisi tunaokaa mwisho wa reli. Mafundi wa kazi hiyo tunao. Kinachotakiwa ni kazi ianze ndani, kwenye chuma, halafu ndiyo plastiki ifuate. Wengi huanza na rangi.

Yangu ni Honda ST1100, ambayo Ulaya iliuzwa kwa jina la Pan European. Ilitoka mwaka 1990 ikaendelea kutengenezwa hadi 2002, ST1300 ilipochukua nafasi yake. Ina injini ya V4 ya cc 1,084 iliyolazwa kwa urefu wa pikipiki, nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo, na tangi lake la lita 28 limekaa chini ya siti. Kile unachokiona mbele ya dereva ukadhani ni tangi, kwa sehemu kubwa ni kava tu. Uzito wake unapita kilo 300 ikiwa na mafuta. Ukiitazama kwa makini unaona wahandisi walijua kwamba chombo kizito hivi siku moja kitalala chini: pande zote mbili, ndani ya plastiki, kuna gadi za chuma za kupokea pigo la kwanza, na saidi mira zimeshikwa kwa namna ya kuchomoka zikigongwa, zisivunjike na kung'oa kila kitu.

Ajali yenyewe haina hadithi ndefu. Barabara ya Kasulu, jua linazama, kundi la ng'ombe likatoka kwenye majani marefu. Nilishika breki, pikipiki ikalalia ubavu wa kushoto na kuserereka hadi kwenye changarawe za pembeni. Mimi nilibaki na michubuko. Helmeti, glavu na jaketi vilifanya kazi niliyovinunulia. Saidi mira ya kushoto ilichomoka ikaruka majanini, gadi ya kushoto ikala lami, injini haikuguswa.

Walikuja watu wa kijijini, kama wanavyokuja siku zote, wakasaidia kuinua. Nikawaomba kitu kimoja kabla giza halijaingia: tuokote vipande. Kijana mmoja alikuwa na kiroba kitupu cha unga, akaanza kupita taratibu ukingoni mwa lami.

"Kaka, na hiki kidogo namna hii?" Alishika kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, chenye tundu katikati.

"Hicho ndicho chenyewe hasa. Chochote chenye rangi nyekundu, weka."

Kile kipande kilikuwa sikio la kava, yaani kile kijiulimi ambacho boluti hupita kushika plastiki na chuma. Katika bodi yote, masikio ndiyo yanayovunjika kwanza na ndiyo yanayotupwa kwanza, kwa sababu hayaonekani kuwa na maana. Bila sikio la asili utatengeneza jipya, sawa, lakini utakuwa unakisia lilikuwa limeinama kiasi gani na tundu lilikaa wapi. Ukiwa nalo, hukisii. Ningeweza kumwambia mwenye pikipiki kuukuu neno moja tu la siku ya ajali baada ya kuhakikisha yeye ni mzima, ningemwambia asiondoke na kipande hata kimoja kimebaki barabarani. Hakuna duka litakalomuuzia.

Pikipiki ikaja mjini juu ya Canter, kiroba kikiwa mapajani mwangu. Nyumbani, mtaa wa Mwanga hapa hapa mjini, nilitandaza turubai uani, nikamwaga vipande na kuvipanga kwa sura ya kava lenyewe, upande wa ndani ukitazama juu. Huo ndio upande wa kupangia, kwa sababu ndani hakuna rangi ya kudanganya: unaona mbavu za plastiki zinavyoendelea kutoka kipande hadi kipande, unaona na maandishi ya kiwandani. Nikapiga picha kila hatua. Tahadhari moja kwa anayefanya hivi mara ya kwanza: kushoto na kulia kwenye orodha za spea ni kushoto na kulia kwa mtu aliyeketi kwenye siti, siyo kwa anayeitazama pikipiki kwa mbele.

Hesabu ya hasara ilikuwa hivi. Kava kubwa la ubavu wa kushoto limepasuka vipande vingi lakini karibu vyote vipo. Nyumba ya saidi mira imechubuka, kioo chake kimekwenda. Kava dogo linalofunika gadi limesagwa na lami hadi likatoboka. Kioo cha mbele kimevunjika. Na lile kava la juu, linalokumbatia taa, limeng'oka pale taa inapokaa, plastiki ikiwa imekunjika na kuwa nyeupe.

Kabla ya kugusa chochote kati ya hivyo, nilishuka Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, kumtafuta mzee mmoja fundi wa mitumbwi. Watu walinishangaa. Lakini fikiria kazi yake. Anaunda mtumbwi wa mbao wa kubeba watu na mizigo ziwani, kushoto na kulia vilingane, na hana mchoro wowote. Mtumbwi uliopinda hauendi sawa, na huko mbele kuna ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, ambako hakuna pembeni pa kusimama. Nilihitaji jicho la mtu aliyezoea kudai ulinganifu namna hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imeanguka upande gani?"

"Kushoto."

"Basi tutapima kulia kwanza. Kulia ndiko kutatuambia ilivyokuwa."

Nimeyashika maneno yale, kwa sababu yana kanuni nzima ya kazi hii. Upande mzima ndio kipimo. Tuliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, juu ya sakafu ya saruji. Mzee akavuta uzi kutoka katikati ya nati kubwa ya kichwa cha usukani hadi katikati ya mkia, akaushusha kwa timazi mbele na nyuma kuhakikisha haujaegemea. Kisha, kwa futi, akapima kutoka kwenye uzi hadi kila tundu la boluti kwenye fremu ndogo ya mbele, ile ya mabomba membamba inayoshika taa na kava la juu. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, na mimi naandika. Tundu la juu la kushoto lilikuwa limeingia ndani sentimita mbili na ushee. Kwa macho usingeliona. Lakini ukifunga kava zima, zuri, jipya, kwenye fremu ya namna hiyo, utalivuta kwa boluti likubali, na litakubali, halafu baada ya mitikisiko ya matuta ya barabarani litapasuka kwenye sikio lile lile. Mtu atalaumu plastiki.

Magurudumu nayo tuliyapima kwa nyuzi mbili, moja kila upande, zikigusa tairi la nyuma mbele na nyuma ya ekseli na kuendelea hadi mbele. Tairi la nyuma la ST1100 ni 160/70-17, la mbele 110/80-18. Tofauti ya upana ni milimita 50, kwa hiyo gurudumu la mbele likiwa limenyooka kila upande unatakiwa kuacha nafasi ya karibu milimita 25 kati ya uzi na tairi. Matairi ya kampuni tofauti hayalingani sawasawa, ila unachotafuta ni pande mbili zifanane. Zetu zilifanana, baada ya kulegeza boluti zinazobana shokapu za mbele pamoja na ekseli, kuukandamiza usukani mara kadhaa ili shokapu zijipange, na kukaza upya kuanzia chini.

Ile fremu ndogo tuliifungua tukaipeleka kwa fundi mwenye jiriwa kubwa. Kuinyoosha kulitaka subira kuliko nguvu. Unavalisha bomba refu juu ya bomba lililopinda, unasukuma taratibu, unaachia, unapima. Chuma hurudi nyuma kidogo kila ukikiachia, kwa hiyo lazima ukipeleke mbele ya pale unapotaka, kidogo kidogo. Fundi alitaka kukipasha moto kiwe chekundu. Mzee alikataa, na alikuwa sahihi, kwa sababu bomba jembamba likipashwa hivyo hujikunja badala ya kupinda. Kulikuwa na ufa mdogo kwenye maungio, ukachomelewa huko huko mezani, mbali na pikipiki. Kuchomelea fremu ikiwa bado imefungwa kwenye pikipiki yenye betri na vifaa vya umeme ni kuomba matatizo mengine.

Hapo ndipo plastiki ilipopata zamu yake.

Geuza kava lolote la pikipiki na utafute maandishi madogo yaliyokandamizwa ndani. Mara nyingi utakuta >ABS<. Hiyo ni plastiki iliyounganishwa kutokana na akrilonitrili, butadieni na stireni, na ina tabia nzuri mbili kwa fundi: inayeyuka kwa joto ikashikana tena, na inayeyuka kwa asetoni. Ukikuta >PP<, hiyo ni polipropilini, asetoni haifanyi lolote na gundi nyingi hazishiki. Kama maandishi yamefutika, kata kipande kidogo ukitupe kwenye beseni la maji. Polipropilini inaelea, ABS inazama. Jaribio hilo halina gharama na limeniepusha na kazi ya bure kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, ambayo iliniambia ni PP kwa kuelea tu.

Asetoni hapa inapatikana kwenye maduka ya vipodozi, ile ya kutolea rangi ya kucha, ila soma chupa: nyingine zimetiwa mafuta na manukato, na hizo hazifai. Tafuta iliyo safi. Nilichukua vipande vidogo mno ambavyo havikuwa na mahali, pamoja na makombo ya kava lile lililosagwa, nikakwangua rangi yote, nikavikatakata kwenye chupa ya glasi ya jemu, nikamimina asetoni hadi ifunike na kufunga kifuniko. Kesho yake ilikuwa imegeuka uji mzito wa plastiki. Huo ndio dawa yenyewe: ukiupaka kwenye ufa, asetoni inalainisha kingo, kisha inaruka na kuacha ABS ile ile ya pikipiki yako ndani ya jeraha. Ni plastiki inayoungwa kwa mwili wake.

Lakini uji peke yake hautoshi kwa kava kubwa linalotikisika. Kazi niliyoifanya kwenye kava la ubavu ilikwenda hivi. Kuosha kwanza kwa sabuni na maji ya moto hadi mafuta na vumbi vyote vitoke. Kubandika vipande kwa utepe upande wa nje, kingo zikutane kabisa, mchoro wa rangi ukiwa ndiyo mwongozo. Mwisho wa kila ufa ambao haukufika ukingoni, kutoboa tundu la milimita 3, kwa sababu ufa hutembea kwa ncha yake kali, na tundu la duara linaondoa ncha hiyo. Kuchimba mfereji wa umbo la V juu ya ufa kwa upande wa ndani, hadi karibu nusu ya unene. Kisha kwa chuma cha kulehemu nilichoazima kwa fundi redio, kuyeyusha mishono mifupi ya kukata ufa, kushoto-kulia, kushoto-kulia, ili vipande vishikane kabla ya kugeuzwa.

Juu ya mishono hiyo unaweka wavu wa chuma. Nilinunua machujio ya chai sokoni, yale ya wavu wa chuma kisichoshika kutu, nikayakata vipande vya upana wa vidole viwili. Unalaza wavu juu ya ufa, unaukandamiza na chuma cha moto hadi plastiki ipande kupitia matundu yake na kuufunika. Hapo ndipo nguvu inapopatikana. Ukiweka kidole unaona wavu umezama, na ukijaribu kupinda kava, pale penye wavu panakataa na plastiki ya pembeni ndiyo inayokubali. Juu yake ndipo uji unapopakwa, tabaka jembamba, unaachwa ukauke siku nzima au zaidi, kisha tabaka jingine. Ukipaka nene kwa haraka, juu panakauka na asetoni inabaki imefungiwa ndani. Kava litaonekana limepona huku katikati ni laini.

Upande wa nje unafuata mwisho, mfereji mwembamba zaidi, baada ya kukwangua rangi upana wa kidole kila upande, kwa kuwa asetoni itaikunja rangi yoyote iliyo karibu.

Haya yote nje, hewani. Asetoni inashika moto kirahisi sana, hivyo hakuna jiko la mkaa karibu wala sigara. Moshi wa ABS inayoyeyuka nao si wa kuvuta. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Kaa ukiupa mgongo magharibi, kazi ikiwa mbele yako, moshi uende zake.

Masikio niliyashona kwa njia hiyo hiyo, wavu ukitoka kwenye sikio na kuingia ndani kabisa ya kava. Pale sikio lilipokosekana, nilitengeneza jipya kwa ABS ya kava bovu, bila tundu. Tundu lilitobolewa mwishoni, kava likiwa limevalishwa pikipiki, likiwa limelala penyewe bila kulazimishwa. Ukitoboa mapema utakuwa umeamua wewe boluti ikae wapi, wakati mwenye uamuzi ni fremu.

Nilishauriwa sana kutumia faiba, yaani matabaka ya nyuzi za kioo na resini. Ninaiheshimu faiba kwenye mashua na matangi. Kwenye ABS, resini ya kawaida ya poliesta hushika juu juu, na kwa kuwa faiba ni ngumu na ABS inacheza, baada ya muda inabanduka kama ganda. Ikibidi kuziba tundu kubwa, basi iwe resini ya epoksi, juu ya plastiki iliyopigwa msasa mkali. Gundi ile ya tone moja inayokauka papo hapo inafaa kushikilia vipande wakati unalehemu, na si zaidi ya hapo. Ya mabomba ya PVC iachwe kwa mabomba ya PVC.

Sasa vile vya kununua. Kigezo changu kilikuwa rahisi: plastiki iliyopasuka inaungika, iliyosagwa na lami haipo tena. Kava la gadi lilisagwa, kwa hiyo linanunuliwa. Kava la juu nalo lilinunuliwa, ingawa mabaki yake yalikuwepo, kwa sababu pale taa inapokaa plastiki ilikuwa imevutika hadi ikawa nyeupe, na plastiki iliyovutika hivyo haiwezi kurudi kwenye kipimo chake. Kava la ubavu likikosea kwa milimita tatu unaona uwazi kidogo. Makao ya taa yakikosea kwa milimita tatu, mwanga unaenda porini.

Pikipiki iliyoacha kutengenezwa mwaka 2002 huwezi kuitegemea dukani. Kava zenye rangi za kiwandani ndizo zinazoisha mapema. Kinachobaki ni vipande vilivyotumika, kutoka kwa wanaobomoa pikipiki Ulaya, na hapo unahitaji namba. Honda wana utaratibu mzuri: tarakimu tano za mwanzo zinataja ni kipande gani, na kava za mbele huanza na 64, kundi la katikati linataja pikipiki, na la ST1100 ni MT3, la mwisho linataja toleo, likifuatiwa na herufi za rangi kama kipande kina rangi. Muuzaji akikutumia picha ya namba yenye MT3 katikati, mnazungumza kitu kimoja. Akikuambia tu "hili la Honda ya safari, litaingia", mshukuru na uendelee kutafuta.

Usafiri ndio unaoumiza. Kava la juu halifiki hata kilo chache, lakini makampuni ya kusafirisha vifurushi kwa ndege hutoza kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawa kwa 5,000. Boksi la 90 kwa 60 kwa 40 linahesabiwa kuwa kilo 43, hata kama ndani kuna hewa tupu. Kwa hiyo mwombe muuzaji avivalishe vipande kimoja ndani ya kingine, taa na vioo vifungwe peke yake, masikio yazungushiwe sponji. Changu kilikuja kwa meli, ndani ya kontena la mizigo ya watu wengi, hadi Dar es Salaam, kisha kikapanda huku. Muuzaji alikuwa ameandika hakina ufa. Kilifika na sikio moja limevunjika na ufa mpevu, wenye vumbi la zamani ndani. Ilinikera. Bahati njema sikio lenyewe lilikuwa limebaki chini ya boksi.

Wakati nasubiri nilikuwa nikipita bandarini na kuiwaza Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi huku, ikaungwa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924, mitambo ilifaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mji huu ulipokea meli nzima ya zaidi ya mita 70 kwa vipande. Kava la pikipiki lisitushinde. Na ile grisi ina funzo la vitendo kabisa: kila boluti niliyoirudisha kwenye fremu ya mbele imepata grisi kwenye nyuzi zake, ili atakayeifungua baadaye asiivunje.

Kuhusu kioo cha mbele nina msimamo mkali. Wachora mabango watakuuzia karatasi ya akriliki inayopendeza, wataikata na hata kuikunja kwa joto. Usiifunge mbele ya koo lako. Akriliki ikivunjika hutoa vipande vyenye makali. Polikaboneti hupinda na kustahimili pigo, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Ila usiisafishe kwa petroli wala tina, kwa sababu itajaa nyufa ndogo ndogo na kufifia. Sabuni na maji vinatosha.

Rangi ilimpata fundi mzuri. Tulikubaliana mambo matatu kabla hajagusa bunduki ya kupulizia: praima maalumu ya plastiki itangulie, pati iwe nyembamba, na rangi ilinganishwe na kava la kulia lilivyo leo, siyo na namba ya rangi ya kiwandani. Nyekundu iliyokaa juani zaidi ya miaka ishirini si ile tena ya kwenye kopo, na upande mmoja ukiwa mpya na mwingine mkongwe kazi yote inaonekana kiraka. Alichanganya, akapuliza kwenye kipande cha bati, akakitoa juani, akakiweka ubavuni mwa kava la kulia, akarudi kuongeza tone la nyeusi. Aliyarudia hayo bila kuombwa. Alipulizia alfajiri, sakafu ikiwa imemwagiwa maji kuzuia vumbi, kwa kuwa kiangazi cha huku vumbi linaamka pamoja na watu. Wakati wa mvua shida inageuka: unyevu mwingi hewani unaweza kuifanya rangi ya juu ipate ukungu mweupe.

Kufunga kunataka upole. Boluti za kava haziko pale kuibana plastiki kwa nguvu. Nyingi zina kola, yaani kishingo cha chuma kinachozuia boluti isiibane plastiki, ili kava lipumue, likitanuka juani na kutikisika bila kuvutwa. Raba ndogo zinazokaa kwenye matundu zilikuwa zimekauka, nikakata nyingine kwenye mpira mnene wa tyubu ya lori. Unaingiza boluti zote kwa mkono kwanza, zote, ndipo unakaza kuanzia katikati kwenda pembeni. Boluti ikikataa kuingia, tatizo liko kwenye fremu au kwenye sikio, na bisibisi haitalitatua.

Taa tuliipangia ukutani usiku: pikipiki imesimama wima na mtu juu ya siti, mita 10 kutoka ukutani, alama ya chaki kwenye kimo cha katikati ya taa, na mpaka wa juu wa mwanga mdogo ukashushwa chini ya alama sentimita 10 hadi 15. Kava jipya la juu lilikaa kwenye fremu bila kusukumwa. Mzee wa Kibirizi alikuja kuliona, akapitisha kidole kwenye uwazi kati ya kava na kava, kulia kisha kushoto, akaniambia nisiongeze kukaza.

Tangu hapo nimekwenda nayo Uvinza, Kaliua, Urambo hadi Tabora na kurudi, mizigo ikiwa imejaa. Kava la ubavu limeshika. Ufa mmoja ulijitokeza tena kwenye rangi, chini ya ile nyumba ya saidi mira, mahali ambapo palikuwa pembamba mno kuweka wavu. Nimepafungua, nimeongeza ubavu wa ABS kwa ndani, na sasa unasubiri rangi. Kava la gadi bado liko njiani kutoka Dar es Salaam. Likifika nitalipima kwanza juu ya gadi yenyewe, kisha ndipo nitaenda kumwona fundi rangi.